Lamu, Pemba au Mafia? Kwa anayetaka kukaa kisiwani, sio kupita tu

Watu wengi sahivi wameichoka Unguja. Sio kwamba Unguja mbaya, hapana, ila Nungwi na Paje bei zimepanda na muziki mpaka usiku wa manane, kwahiyo mtu anatafuta kisiwa kidogo zaidi akae wiki mbili, akae mwezi, wengine wamepangiwa kazi kabisa huko, wengine wanataka tu wafungue laptopu zao karibu na maji. Akianza kuulizia anatajiwa majina matatu: Lamu, Pemba, Mafia. Alafu hapo ndo anakwama, maana kila anayemuuliza anamsifia kile kisiwa alichofika yeye.

Vyote vitatu nimekaa, kwa nyakati tofauti na sio kwa muda sawa. Niseme mapema pia mi mtu wa Tanga, Pemba kwetu ni jirani, kwahiyo ukiona mahali naipendelea punguza chumvi mwenyewe.

Kwenye picha vinafanana sana, minazi, mchanga mweupe, tanga la jahazi, kofia na buibui, mtu anaona yote mamoja. Sio mamoja. Lamu unaifuata kwa ajili ya mji. Pemba unaifuata kwa ajili ya shamba. Mafia unaifuata kwa ajili ya bahari. Ukienda Pemba unatafuta mji wa kale wa kuzurura jioni utarudi unanung'unika, na ukienda Lamu mjini unatafuta matumbawe mlangoni utanung'unika pia, na kosa sio la kisiwa.

Nimelinganisha kwa vitu gani

Kufika na kutoka (kutoka ndo muhimu zaidi, watu wanasahau), kutembea ukishafika, watu na namna ya kuishi nao, chakula, bahari yenyewe, vitu vya kuona ukichoka na maji, alafu umeme, mtandao, hela na hospitali, na mwisho msimu. Uzuri wa ufukwe sijauweka peke yake kwasababu fukwe nzuri zipo kote, tofauti ni umbali wa kuufikia. Bei nazo sijaandika za tarakimu, nauli na vyumba vinabadilika kila msimu, uliza wiki hiyo hiyo unayosafiri.

Kufika na kutoka

Lamu. Ndege inatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, unashuka unapanda boti, dakika chache uko gatini Lamu. Ndege zinatoka Nairobi, na nyingine zinaunganisha Malindi au Mombasa. Ukitaka basi ni Mombasa, Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, barabara inaishia hapo, unamalizia na boti kama nusu saa. Sahivi barabara ina lami lakini vizuizi vya polisi ni vingi, kitambulisho kiweke mfukoni na sio kwenye begi lililoko chini ya basi, maana mtashushwa mkaguliwe, na kuna vipindi mabasi yanasindikizwa na askari. Hili halifichiki: Juni 2014 Mpeketoni, mji wa upande wa bara, ilishambuliwa vibaya, msitu wa Boni kuelekea mpaka wa Somalia bado una historia yake, na mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayuu na Manda. Mji wa Lamu wenyewe maisha yanakwenda, watoto wanakwenda madrasa, watu wanakunywa kahawa barazani. Njia ya bara ndo ya kuulizia habari kabla hujakata tiketi, na wengi wenye uwezo wanaamua kuruka tu.

Mafia. Ndege kutoka Dar ni kama nusu saa, vindege vidogo vile ambavyo begi linapimwa na wewe mwenyewe unaweza kupimwa. Njia ya wananchi ni kwenda Mbagala Rangi Tatu, gari mpaka Nyamisati, alafu chombo cha kuvuka mpaka Kilindoni. Nyamisati iko ndani kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kwahiyo saa ya kuondoka inafuata maji na sio saa ya ukutani, maji yakipwa hamtoki, mnakaa. Mtu mwenye kikao Jumatatu asubuhi Dar asipange kuvuka Jumapili jioni.

Pemba nayo ina uwanja wa ndege Chake Chake, unaruka kutoka Dar, Unguja, hata Tanga. Kwa meli kawaida unapita Unguja kwanza, alafu unachukua nyingine inayokwenda Mkoani au Wete, na hiyo sio kila siku, angalia ratiba. Pale juu ya Nungwi bahari haina mchezo, mkondo wa Pemba una kina kinachozidi mita 800, wakati wa upepo wa kusi abiria wanagawiwa mifuko ya kutapikia kabla hata hamjafika nusu ya njia. Watu wa visiwani hawajasahau meli ya Spice Islander iliyozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba na mamia ya watu wakafa. Ndio maana mzee wa Kipemba akiona chombo kimejaa anashuka, anangoja kesho. Fanya kama yeye.

Karatasi: Mtanzania wa bara kwenda Pemba beba kitambulisho, utakionyesha bandarini. Mkenya anayekuja Pemba au Mafia anahitaji hati ya kusafiria, na Mtanzania anayekwenda Lamu hali kadhalika.

Kutembea ukishafika

Hapa Lamu iko peke yake. Mji mkongwe hauna magari, vichochoro vingine punda akija na mzigo wa matofali wewe ndo unajibanza ukutani, yeye hasimami. Kila kitu ni kwa miguu, kwa punda au kwa boti. Siku hizi bodaboda zimeingia kwenye mitaa ya nyuma na watu wanazilalamikia sana. Kwenda Shela ni kilomita kama tatu kwa kufuata maji, unatembea au unapanda boti ya abiria, ila maji yakijaa njia inabanwa kwahiyo angalia kabla. Mtu mwenye magoti mabovu Lamu itampa tabu, ngazi ndefu na nyumba za ghorofa zenye vyumba vya juu, na vyumba vizuri vyote viko juu.

Pemba ni kinyume chake, ni kisiwa kikubwa kuliko watu wanavyodhani, kirefu zaidi ya kilomita 60 na kina vilima na mabonde, barabara inapanda inashuka. Daladala zinaunganisha Mkoani, Chake, Wete mpaka Konde, ila jioni zinapungua mapema na ukiwa umelala kule Kigomasha kaskazini kabisa unahitaji pikipiki au dereva wako. Bila usafiri Pemba utaiona Chake tu, na Chake peke yake haitoshi kumvutia mtu.

Mafia ipo katikati, kutoka Kilindoni mpaka Utende kuna barabara nzuri, bajaji na bodaboda zipo, ukitaka kwenda Kanga au Bweni upande wa kaskazini uwe na siku nzima. Chole, Juani na Jibondo ni boti. Chole unavuka dakika chache tu kutoka Utende na kule hamna gari kabisa, unatembea chini ya miembe na minazi mpaka unasahau siku ya wiki.

Watu na kuishi nao

Vyote vitatu ni visiwa vya Waislamu na vya heshima, kaptula fupi na kifua wazi iache ufukweni, usipige picha watu bila kuomba, na Ramadhani mchana usile barabarani, hasa Pemba kwasababu kwa upande wa Zanzibar jambo hilo linaweza kukufikisha polisi, sio kusemwa tu. Pombe ipo mahotelini ya wageni, uswahilini usiitafute.

Lamu watu wamezoea wageni kwa karne nyingi, na wanajua kuishi nao na wanajua pia kuwauzia. Gatini utapokelewa na vijana watano kila mmoja ni nahodha, guide na mjomba wa mwenye gesti. Ukikubali mmoja kwa ustaarabu wengine wanakuacha. Lakini ukishapita hiyo wiki ya kwanza ukaanza kuamkiana na wenye maduka ya Usita wa Mui, ule mtaa mkuu wa mji, ukakaa barazani, utasikia Kiamu chenyewe, mtu anakwambia "ndoo" akimaanisha njoo, macho ni mato, na ukiwa umesoma tenzi shuleni ukakariri tu, huko ndo unasikia maneno yale yanatumika kununulia samaki. Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, bado unavuta wanafunzi kutoka pwani yote, na Maulidi ya Lamu ya mfungo sita yanajaza mji mpaka hupati chumba. Matari, zefe, mashindano ya punda, ya kuogelea. Kama umepanga kwenda wakati huo shika chumba mapema sana, na kama hupendi msongamano ndo wiki ya kukwepa.

Pemba mgeni ni tukio. Sio kwa ubaya, ila watalii ni wachache, kwahiyo ukikaa kijijini siku ya pili wote wanajua umelala kwa nani na unakula nini. Utaulizwa unatoka wapi, mtoto wa nani, umekuja kwa shughuli gani, jibu vizuri tu, ukishajibu umeingia. Salamu ni ndefu na usizikatishe. Kipemba kina mwendo wake, mkono ni nkono, mkate ni nkate, na wakiongea wenyewe kwa wenyewe haraka hata mi mtu wa Tanga naomba warudie. Huko bara kuna maneno mengi juu ya Pemba na uganga, ukifika usiyaanzishe, wanayasikia kila siku wamechoka. Siasa pia iache waanze wao, kisiwa hiki kina majeraha ya chaguzi, Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, na mgeni kuja kuchokonoa sio adabu.

Mafia ni wapole kuliko wote, nasema hivyo na najua nitabishiwa. Wamechanganyika, wavuvi kutoka kila upande wa pwani, wa Kilwa, wa Rufiji, wa visiwani, shikamoo inatembea, hakuna anayekukimbilia kukuuzia kitu. Tatizo lake ni hilo hilo, ukizoea miji utaona hakuna kinachotokea, saa mbili usiku Kilindoni imeshaanza kulala.

Chakula

Lamu inaongoza kwa mbali, sina la kuzunguka. Jioni pale Mkunguni mbele ya ngome na mitaa ya karibu unapata mishkaki, viazi karai, bajia, mkate wa mofa unatoka motoni, samaki wa kupaka, juisi ya ukwaju na ya maembe, kaimati za watoto. Kambamti na kaa wapo ila ukiwa na sura ya mgeni bei nayo inabadilika sura.

Pemba chakula kizuri kiko majumbani, mikahawa ya maana michache. Ukipata mwenyeji atakayekupikia pweza wa nazi na muhogo basi umemaliza, alafu halua ya Wete usiondoke bila kuonja. Mafia samaki ni wa leo leo na pweza tele, ila mboga na matunda mengi yanavuka kutoka bara, chombo kisipokuja siku mbili sokoni unaiona. Mtu asiyekula samaki Mafia atapata shida kidogo.

Bahari yenyewe

Sasa hapa Mafia ndo inasimama mbele. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na ina eneo la kilomita za mraba 822, ndani yake kuna vijiji na watu wanavua kwa masharti. Ghuba ya Chole matumbawe yako karibu, hata asiyejua kuzamia akivaa miwani na mrija anaona samaki wa kila rangi. Kuingia eneo la hifadhi kuna ada, na mgeni kutoka nje analipa zaidi ya mwenyeji, uliza kabla ili usigombane na mlinzi wa geti pale Utende.

Alafu kuna papa potwe. Samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na wewe, anakula vidudu vidogo vya baharini, dagaa na mayai ya samaki kwa kuchuja maji. Oktoba mpaka Machi wanakuja karibu na Kilindoni kiasi kwamba boti za dagaa na wao wanafukuzana na chakula kile kile. Unaruka majini pembeni yake, humgusi, humkatizi mbele, humpandi mgongoni kama wale wa kwenye video. Kuna nahodha mmoja anakusogeza taratibu na kuna mwingine anamfukuza mnyama na mashine mpaka anazama, kwahiyo chagua nahodha kwanza ndo uchague boti. Upande wa Juani kasa wanataga, na vifaranga wanatoka kuelekea maji miezi ya Juni mpaka Septemba hivi, unaenda na watu wa kijiji wanaolinda viota.

Pemba kwa mzamiaji mzoefu ni mahali pakubwa, ukuta wa matumbawe unashuka moja kwa moja kwenye kina, maji maangavu, na mkondo wenye nguvu. Sio pa kujifunzia. Kisiwa cha Misali kwa kuogelea na kuangalia samaki ni kizuri sana na kiko magharibi ya Chake. Ila pwani kubwa ya Pemba imezungukwa na mikoko na matope, ufukwe wa kukaa kama Vumawimbi uko kaskazini kabisa, na ukifika unaweza kuwa wewe na wavuvi tu. Wengine wanalipenda hilo, wengine wanaogopa.

Lamu mjini huogelei, mbele ya mji ni gati, boti na uchafu wa mji. Shela ndo kuna ufukwe, kilomita kama 12 za mchanga na vilima vya mchanga nyuma yake, mzuri kweli, ila upepo ukikaza mchanga unakupiga miguuni. Raha ya bahari ya Lamu ni kusafiri juu yake na sio chini yake, unakodi jahazi na nahodha mnakwenda Manda Toto, mnachoma samaki, mnarudi na tanga jua likizama. Hapo Mafia na Pemba hawaifikii Lamu, majahazi yapo kote ila Lamu wamefanya ni mashindano na fahari.

Ukichoka na maji

Lamu ukitoka mlangoni tayari unaangalia. Mji mkongwe uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, milango ya kuchonga, madaka ya chokaa ndani ya nyumba, ngome iliyomalizwa kama mwaka 1821, makumbusho. Ukitaka kutoka kidogo nenda Matondoni wanapounda majahazi, au vuka Manda uone magofu ya Takwa, ukiwa na muda fika Pate na Siyu. Pembeni yake sasa kuna bandari mpya ya upande wa bara, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wavuvi wa Lamu wana mengi ya kukwambia juu yake kama utawanunulia kahawa.

Mafia ina Kua, magofu ya mji mzima kule Juani, misikiti na nyumba za mawe zimeliwa na mizizi. Mji uliangamizwa na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Chole kuna majengo ya Wajerumani yanayobomoka, wao walipewa Mafia kwenye mapatano yao na Waingereza ya 1890, na mwaka 1915 Waingereza wakakitumia kisiwa hiki kurushia ndege za kuitafuta meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji. Jioni popo wakubwa wa Chole wanaamka wote pamoja, hiyo ni bure.

Pemba hapa nitakaa kidogo maana watu wanasema hakuna cha kuona. Magofu yapo, Pujini kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani, na Ras Mkumbuu, hayajapambwa. Msitu wa Ngezi una popo wa Pemba ambao hawapatikani kwingine duniani. Lakini cha Pemba ni karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikapona zaidi, ndo toka hapo Pemba ikawa shamba la karafuu la Zanzibar na mpaka leo sehemu kubwa ya zao inatoka hapo. Msimu ukifika wachumaji wako juu ya miti, kinamama wanachambua vikonyo jioni, majamvi yametandikwa pembeni mwa barabara kutoka Chake mpaka Wete na harufu inaingia mpaka kwenye nguo zilizoko begini. Anayenunua kisheria ni shirika la serikali, ZSTC, na magendo kwenda Kenya ni hadithi ya zamani ambayo kila familia ina mjomba aliyehusika. Makonyo nayo hayatupwi, kuna kiwanda Wawi kinakamua mafuta. Na kuna mchezo wa ng'ombe, wanasema umetokana na Wareno, ng'ombe anafungwa kamba anachezewa kwa nguo na ngoma na haumizwi wala hachinjwi uwanjani. Haupo kila wiki, ulizia kwa mwenyeji.

Umeme, mtandao, hela, hospitali

Lamu iko kwenye gridi ya taifa, Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga toka mwaka 2010, Mafia yenyewe haijaunganishwa na bara kwa gridi, inategemea mitambo yake, kwahiyo pawabenki iwe kubwa. Mtandao wa simu mijini unafanya kazi kote, ukienda Chole, Makangale ya Pemba au Kipungani ya Lamu bando linaisha kwa kutafuta mnara. Kama kazi yako ni vikao vya video kila siku chagua Lamu mjini au Chake, Mafia utabahatisha.

Benki zipo Lamu, Chake na Kilindoni, pesa ya simu inatumika kote, lakini shika taslimu ya kutosha Mafia. Hospitali: Lamu kuna King Fahd, Pemba kuna Abdalla Mzee pale Mkoani na ya Chake, Mafia ya wilaya iko Kilindoni. Kwa jambo zito wote wanasafirishwa nje ya kisiwa, na hapo ndo ile habari ya kutoka inapokuwa sio mchezo, mwenye mimba kubwa au ugonjwa wa kudumu alifikirie hili kabla ya ufukwe.

Msimu

Aprili na Mei masika, loji nyingi za Mafia na Pemba zinafunga na bei za zilizobaki zinashuka. Juni mpaka Septemba kusi, kuna baridi kidogo na bahari nzito kwa upande wa mashariki. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto kali, maji maangavu na watu wengi. Karafuu za Pemba ukitaka kuziona piga simu kwanza, mwaka mmoja unajaa mwingine unakosa.

Kwahiyo, kulingana na hali yako

Unasafiri peke yako, unapenda kuongea na watu na unachoka haraka ukikosa pa kwenda: Lamu. Mwandishi, mwanafunzi wa lugha, mtu wa usanifu wa majengo, wote Lamu. Una siku nne tu basi pia Lamu kwa ndege, maana kila kitu kiko karibu. Ila kama familia yako nyumbani haitalala kwa habari za usalama za upande ule, usiwape presha, nenda kwingine.

Mmeoana juzi na mnataka kimya: Mafia kama mnapenda maji, Shela kama mnapenda chakula na mna hela. Vumawimbi ni kwa wale ambao hata mhudumu wa hoteli wanaona ni kelele.

Unajifunza kuzamia, au una watoto wanaotaka kuona samaki, Mafia. Umeshazamia sana na unatafuta kina, Pemba. Ukitaka papa potwe hakikisha umeenda kati ya Oktoba na Machi, usiende Julai alafu ukamlaumu nahodha.

Umepangiwa kazi, ualimu, afya, mradi, na utakaa mwaka au zaidi. Hapa naipa Pemba uzito zaidi kwasababu ina miji mitatu, shule, masoko, kilimo, unaweza kupata eneo ukapanda muhogo wako na kisiwa hakikubani kifuani mwezi wa tano. Mafia inawezekana kama uko na mwenzio na hamhitaji mji. Lamu nyumba za mji mkongwe za kupangisha zinagombaniwa na wageni, wengi wanaishia Langoni au mitaa ya nyuma na bado wanafurahi.

Hela kidogo na muda mwingi, uko Dar: Mafia kwa Nyamisati, ondoka alfajiri, beba maji, kofia na kitu cha kusoma. Uko Mombasa: Lamu kwa basi kama njia imetulia wiki hiyo. Uko Tanga au Unguja, Pemba iko mlangoni. Na wewe unayetapika hata kwenye pantoni ya Kigamboni, weka akiba ya ndege, kisiwa chochote kati ya hivi vitatu.